Pembe ya Hamdun ya Kuitia Kanga

Watu wa Amu walisema Hamdun alizaliwa njiani, na mamake alipokanusha hawakumsadiki. Alikuwa mshona makubadhi, kazi ya kukaa, na kukaa ndiko kulikomshinda. Alishona upande mmoja wa jozi, akainuka kwenda kutazama bandari. Akirudi, kipimo cha mguu wa pili kimemtoka kichwani. Wateja wake ungewajua kwa mwendo: kulia kunabana, kushoto kunapwaya.

Raha yake ilikuwa ng'ambo, bara. Mashamba ya Kililana yalikuwa yamerudi kuwa msitu tangu watumwa walipoachwa huru na kwenda zao, na katika mtama uliojiotea wenyewe kanga walizaana wakajaa. Hamdun alivuka na bunduki yake ya gobori, na shingoni pembe ndogo ya kuwaitia. Pembe hiyo haikupulizwa. Ilikuwa ncha ya pembe ya mbuzi iliyochomekwa mfupa mwembamba wa bawa la korongo. Mtu aliubana mfupa kwa midomo akavuta pumzi ndani, kama anayenyonya uboho, na pembe ikalia kama kanga jike aliyepotewa na wenziwe. Ilikuwa na ufa uliozibwa kwa nta, na sauti yake ilikuwa mbaya.

Mkewe, Alawiya, aliisikia sauti hiyo miaka tisa. Aliisikia asubuhi kabla ya chai na jioni baada ya chakula, maana Hamdun asipokuwa Kililana alikuwa nyumbani akijizoeza kwenda Kililana. Ijumaa moja kichwa kilikuwa kikimuuma.

"Hamdun, wata kelele hizo," alisema.

"Mara moya tu."

Mara moja ikawa mara ishirini. Alawiya akamnyang'anya pembe mdomoni, akaitia katika kasha lake la nguo, akafunga na kulikalia. Na Hamdun, ambaye hakuwahi kungoja hata uji upoe, akamtamkia talaka moja. Neno lilimtoka kabla hajalitafuna. Alawiya hakulia. Aliita wachukuzi, wakabeba kasha, akaenda Shela kwa kakake Yunusi, mchoma chokaa.

Hata jua halijatua, Hamdun alikuwa amekwisha kujuta. Lakini talaka moja ina dawa, na kila mtu wa Amu anaijua: maadamu mke yumo edani, mume ana haki ya kumrejea. Hapana posa, hapana mahari, ni kusema tu, "Nimekurejea." Hamdun akachukua kipande cha ngozi, akawa anatoboa tundu moja kila siku. Alihesabu eda miezi mitatu kwa kuandama mwezi, akajiona ana wakati tele.

Basi mbona asiende siku ya pili akalisema neno lake? Hapo ndipo ninapomkasirikia. Aliona haya. Mkono mtupu haulambwi, alijiambia, na Alawiya hana akipendacho kama kanga wa kupikwa kwa nazi. Nitakwenda na kanga wawili, nitasema neno langu nao mkononi. Wakati huohuo akawa anakwenda Shela kila baada ya siku mbili tatu, anapita mbele ya nyumba ya Yunusi, anapita tena, anarudi Amu bila ya kupiga hodi. Viatu alivyomaliza pwani vilikuwa vingi kuliko alivyoshona.

Ili apate kanga, alihitaji pembe. Bwanamkuu, mkereza wa miguu ya vitanda, alimtengenezea tatu: ya pembe ya ng'ombe, ya mwanzi, na ya mpingo yenye pete ya shaba. Wakapanda darini kuzijaribu, na majirani wakawafuata. Watu wa Amu wana masikio. Wamelelewa juu ya visomo na kasida. Walikaa wakazisikiliza pembe zile kana kwamba wanachagua msomaji wa maulidi. Ya ng'ombe walisema ina mafua. Ya mwanzi walisema ina kiburi. Ya mpingo ilipolia, mzee mmoja alifumba macho akatikisa kichwa, na Hamdun akaichukua hapohapo.

Kule Kililana hapana kanga aliyetikisa kichwa. Hamdun alilifumania kundi, akalitawanya kwa makelele kama ipasavyo, maana kanga wakitawanyika hutafutana, akajificha nyuma ya kichuguu akaita. Hakujibiwa. Akaita tena, na tena, akahama kichuguu, akaita huku anatembea. Kanga mmoja alichungulia, akaona kanzu inakwenda huku na huko, akatoweka. Muda wa siku kumi alivuka mara nne, na mara nne alirudi na kupe.

"Sauti njema ni yetu sisi," Bwanamkuu alimwambia. "Kanga ataka sauti ya mwenziwe, nayo ni kavu, ina ufa. Yako kongwe ndiyo. Iko wapi?"

"Kashani kwa Alawiya."

"Basi una haja mbili nyumba moya. Enda."

Hamdun akaenda, karibu mbio. Safari hii alipiga hodi. Yunusi alikuwa tanurini, na aliyekuja nyuma ya mlango alikuwa Alawiya mwenyewe. Hakuufungua ila kiasi cha kiganja. Miguu ya Hamdun ilikuwa ikichezacheza juu ya mchanga.

"Umekuya kutaka nini, Bwana?" aliuliza, taratibu.

Hamdun alikuwa na neno moja la kusema na aliijua kila herufi yake. Lakini mawazo yake yalikwisha kuvuka bara. Aliwaona kanga, akajiona anarudi nao.

"Pembe yangu," alisema.

Alawiya akarudi ndani. Kisha kasha likasikika likifunguliwa ndani, na mkono ukaitoa pembe imefungwa kitambaa. Hamdun alishukuru akaondoka. Hakuona kwamba mlango ulikawia kufungwa.

Akalala Kililana. Asubuhi alilitawanya kundi, akakaa chini, akafyonza pembe mara tatu. Ile sauti mbaya ikatoka na ufa wake. Mbali, kanga mmoja akajibu. Zamani Hamdun angeinuka papo hapo, na ndiyo maana zamani pia alikuwa akikosa wengi kuliko aliopata. Lakini siku hiyo alikuwa na hofu ya kurudi tena mikono mitupu, na hofu hiyo ikamkalisha. Alingoja. Aliita mara moja tu, akangoja tena, siafu wanampanda. Walikuja wakikimbia, shingo mbele, mpaka akaweza kuhesabu madoa yao. Akasema bismillahi. Akapata wawili.

Kabla ya adhuhuri alikuwa Shela, damu ya kanga kwenye kanzu, anacheka peke yake. Yunusi alikuwa barazani. Hamdun akaweka kanga miguuni pake na pembe juu yao.

"Muite ndugu yako," alisema. "Nimekuya kumrejea."

Yunusi aliwatazama kanga. "Eda imekwisha yeo alfajiri."

"Bado siku nane. Nimezihisabu, nina ngozi yangu."

"Eda ya mke yahisabiwa kwa tohara zake, kutoka hedhi hata hedhi, Hamdun, si kwa mwezi wa mbinguni. Hayo wafundishwa wakaao chuoni hata mwisho wa somo. Yana ulipokuya, mlango ulikuwa wazi. Yeo wewe ni mtu wa kando kama mwengine."

Hamdun akaketi. Jana. Alisimama hapo mlangoni, akaulizwa anataka nini, naye akataka pembe. Aliona aibu na uchungu kwa pamoja, na machozi yakamtoka mbele ya shemeji yake. Hapo sauti ikatoka ndani.

"Kaka, walete hao kanga, na pembe pia. Na mwambie mgeni akae. Kanga ni nyama ngumu."

Mgeni. Hamdun alilimeza neno hilo akakaa. Adhuhuri ikaingia, akaenda msikitini akarudi palepale. Harufu ya nazi ikatoka. Guu lake la kulia likaanza kutetemeka, akalikalia. Wapitaji walisimama kutazama, maana hapana aliyewahi kumwona Hamdun mahali pamoja muda huo wote. Alasiri ikaja ikapita. Yunusi aliwapa wawili watatu ruhusa ya kumgusa wahakikishe.

Kisha ndani ya nyumba pembe ikalia, mara tatu, kavu, na ufa wake, kama alivyokuwa akiiliza yeye miaka tisa. Hamdun akanyanyuka nusu. Akashika ukingo wa baraza, akaketi tena.

"Husikii?" Yunusi alimwambia. "Waitwa. Ingia, ule, kisha tuzungumze habari ya posa."

"Nasikia," Hamdun alisema, na jasho linamtiririka. "Ngoya kwanza aite mara ya pili."