Dulla na "Just Now" Yake

Kidawa hakumzaa Dulla, ila amemlea. Mama yao alipofariki Tanga, yeye ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni, na alipopata kazi ya kusuka nywele katikati ya jiji la Durban, akamvuta na yeye. Wateja wanauogopa ulimi wake. Kwa Dulla, lakini, ni laini kama mlenda.

Dulla alipata kazi Mobeni, mtaa wa viwanda, kwenye ghala la vifaranga, na kila wiki husindikiza makasha yao kwa ndege ndogo ya mizigo. Kasoro yake moja: mji umemwingia. Watu wa Durban wakisema "just now" hawamaanishi sasa hivi; wanamaanisha baadaye, Mungu akipenda. Draya ya saluni aliahidi kuitengeneza "just now" tangu Ramadhani, na mpaka leo nyaya zinaning'inia nje.

Jumanne asubuhi alituma ujumbe: "Dada, napanda ndege just now." Kabla ya adhuhuri redio ikatangaza kwamba ndege iliyobeba vifaranga imezimika injini mara tu baada ya kuruka, ikaanguka kwenye mashamba ya miwa. Hakuna aliyepona.

Kidawa alibaki kashika kitana, mteja kasukwa nusu kichwa. Akapiga simu ya Dulla, haipatikani. Akapiga tena. Akakaa sakafuni, akausoma ule ujumbe mpaka herufi zikamcheza machoni. Hii ni "just now" waliyofundishwa darasani Tanga, au ni ya hapa?

Colette, Mkongo mwenye saluni, aliichukua simu, akasoma, akaitazama ile draya.

"Kidawa, huyu ndugu yako iko mtu wa Durban," alisema. "Angalia ile machine. Ye hajapanda."

Kidawa alitaka kucheka, akalia. Miaka yote amemgombeza kwa uzembe huo, na sasa alikuwa akiuombea dua. Alimwomba Mungu mdogo wake awe mzembe kuliko wazembe wote.

Alasiri mlango ukasukumwa. Dulla, masizi mpaka viwikoni, simu imekwisha chaji mkononi. Kidawa alimkumbatia, akamzaba kibao, akamkumbatia tena. Saluni nzima ikapiga vigelegele. Yeye Dulla hakucheka.

Alieleza polepole, macho chini. Alikuwa amekwenda kununua chai. Onesphore, Mrundi aliyeingia nchini juzi tu, alikuwa akipakia makasha. Dulla alimwambia amshikie nafasi, akae mle ndani na vifaranga, yeye anakuja. Rubani akaona msindikizaji yupo, akaondoka. Dulla alipouona moshi alikimbilia huko kwenye miwa, lakini hapakuwa na wa kuokolewa.

"Ulimwambiaje?" Kidawa aliuliza, ingawa alishajua.

"Nilimwambia just now, dada. Akaniamini."