Goti la Mama Donatus

Kijijini kwetu, upande wa Geita, hakuna mwanamke aliyewahi kusomwa Ulaya isipokuwa Limi, mama yake Donatus. Mwenyewe hajui kusoma, lakini hilo halikumzuia kuwa maarufu.

Umaarufu wake ulianza mwaka 1997, kampuni moja ya dhahabu ilipozungushia eneo la mgodi wake uzio, na kisima chetu kikajikuta ndani. Tuliambiwa tuvumilie, maendeleo yana taratibu zake. Taratibu zikiendelea, tulichota maji lamboni pamoja na ng'ombe, na mjukuu wa Limi akashikwa na kuhara kusikokoma. Mtoto alikonda akabaki macho tu.

Siku moja akaja Marcel, afisa mahusiano wa kampuni, akiwa na mgeni mzungu mwenye kamera. Marcel alitoka Dar es Salaam na alituita "wadau", jina tulilopewa bila kuulizwa, kama tulivyopewa uzio. Limi alikutana nao njiani. Mwanamke wa Kisukuma aliyelelewa vizuri hasalimii watu wa heshima akiwa wima, kwa hiyo alitua ndoo akapiga goti vumbini.

"Mwangaluka, baba. Tunaomba kisima chetu. Mtoto anaisha."

Marcel akatabasamu, mzungu akapiga picha. Goti likaingia kwenye kamera, ombi likabaki barabarani.

Miezi ikapita, ripoti ya kampuni, ile inayosomwa Ulaya, ikaja, karatasi zake laini hata nzi angeteleza. Marcel alituita ofisini kwa mtendaji wa kijiji, akatueleza kwamba siku hizi kampuni kubwa haziripoti faida tu. Huko duniani inaandaliwa miongozo ya kimataifa, na kampuni inayojiheshimu lazima ieleze inavyotunza mazingira na kuishi na majirani. Nilifurahi kusikia kwamba tuna jirani. Nikamwomba atusomee maneno yaliyo chini ya picha ya Limi.

Akasoma kwa sauti ya katekista: "Mwanakijiji akipiga goti kuishukuru kampuni kwa huduma ya maji."

"Mimi nilishukuru?" Limi akauliza.

"Mama Donatus, hiyo ni lugha ya kitaalamu tu."

Nilikasirika. Limi alijifunga kanga vizuri, akaenda zake.

Mwaka uliofuata kamera ilirudi. Safari hii Limi alibaki wima, ndoo kichwani, akamkazia mgeni macho. Wanawake wenzake walishika midomo, maana kwetu huo ni utovu wa adabu wa kutosha kuitiwa kikao cha ukoo.

"Kisima chetu mtarudisha lini?"

Mzungu akapiga picha.

Ripoti ya pili nayo ikaja, inang'aa kuliko ya kwanza. Marcel akatuita tena ofisini, akasoma: "Mwanamke wa kijijini akisimama kwa kujiamini, matunda ya mpango wetu wa kuwawezesha wanawake."

"Na kisima hamkukiandika?"

"Kimo, mama, tena kina ukurasa wake." Akafunua, akasoma kwa furaha: "Kampuni inalinda vyanzo vya asili vya maji kwa kuvizungushia uzio."

Limi aliinama akaokota ndoo yake.

"Nimepiga goti, nimesimama," alisema. "Mwaka kesho nitawaletea mjukuu wangu amelala. Muandike amepumzika."

Kisha akajitwika ndoo, akaelekea lamboni.