Mwenye Kupanda Mti

Kuna mwanaume mmoja hapa Bunia niliyemnyang'anya shamba bila kumgusa hata ukosi wa shati, kwa kutumia maneno yake mwenyewe. Sijutii. Ninajutia jambo jingine, nalo nitalifikia kwa mpangilio, maana miaka yangu ya redio ilinizoesha kusema kwanza nani, halafu wapi, halafu nini.

Nilipoacha redio nilikuwa na rundo la daftari na sina kazi. Ndani ya daftari hizo walikuwamo wakulima waliokimbia Djugu. Nilikuwa nikiwahoji kuhusu vita, na kila mara, nikishazima kinasa sauti, walirudi kwenye jambo ambalo sikuwa nimewauliza: udongo wanaokodishiwa pembeni mwa mji umechoka, unakula mbegu na haurudishi kitu. Mimi nilikuwa nimepitia mafunzo kule Mahagi ya kilimo kinachourudishia udongo uhai. Usichome majani, yatandaze. Usiache ardhi uchi. Changanya mazao, lisha udongo mboji na samadi kabla ya kuudai chakula. Nikaandika kwenye kundi la simu la watu niliosoma nao, waliotawanyika Kisangani, Kampala, mpaka Ulaya: nichangieni chakula na usafiri, nami nitajitolea misimu miwili, nikae shambani na wakulima hawa. Wakachanga. Rafiki za rafiki zao nao wakachanga, watu ambao sitawaona maishani. Walichotaka kwangu kilikuwa kimoja tu, picha.

Mama niliyeanza naye alitoka upande wa Fataki. Alikuwa amekodi kipande nyuma ya mtaa wa Saio, pale nyumba zinapokwisha na mteremko wa kwenda bondeni unapoanza, na kodi yake ilikuwa sehemu ya mavuno. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mirefu. Tulipotandaza majani makavu kati ya mistari ya maharagi, majirani walisimama njiani kututazama.

"Mama, unalalisha udongo mu blanketi?" mmoja alipiga kelele. "Kesho utamupatia chai!"

"Na mukate," mama akajibu bila kuinua kichwa.

Msimu wa kwanza ulipita, si mzuri, si mbaya. Wa pili, ukiinua majani yale uliona udongo mweusi, wenye unyevu hata kama mvua ilikuwa imekataa wiki nzima, na minyoo ikijificha. Maharagi yalisimama hadi magotini mwa mama. Siku moja mwenye shamba akaja, mtu mnene anayevaa kofia ya kitambaa hata jua lisipokuwepo. Akachota udongo, akaunusa kama mtu anavyonusa tumbaku, akaufuta kwenye suruali, kisha akalitazama shamba kutoka ncha hii hadi ile. Ningekuwa bado naitafuta habari ningemuuliza swali pale pale. Lakini nilikuwa nikitafuta pembe nzuri ya picha.

Maana picha zangu hazikuwa zikipendwa. Majani makavu yanafanana na majani makavu. Niliyesoma naye mmoja alinitumia sauti: "Dada, kazi nzuri, lakini mbona hakuna miti? Watu wanapenda miti." Ni kweli kwamba miti imo katika mafunzo. Nikaenda kwa wauza miche, nikanunua kaliandra, mti mfupi ambao majani yake yanarutubisha udongo na kulisha mbuzi, nikaileta shambani juu ya pikipiki.

Mama aliitazama miche bila kuishika.

"Dada ya redio, papa mwenye shamba anajua?"

"Ni miti midogo, mama. Ni ya kulisha udongo."

"Kazi yake ninajua. Ninauliza kama yeye anajua."

Nilimwambia nitamwarifu. Sikumwarifu. Mimi nimekulia mjini, na udongo wa baba yangu ni ua lililomwagwa sementi. Mama alikuwa mgeni wangu wa heshima katika picha zile, na mimi nilikuwa mgeni wake shambani, kwa hiyo aliona haya kunikatalia. Akachimba mashimo, akapanda mstari mmoja pembeni. Nikapiga picha. Mioyo myekundu ilimiminika kwenye simu yangu kuliko misimu yote miwili.

Siku ya tatu nilikuwa nikipiga video ya miche ile, mama amechuchumaa akiimwagilia maji, mwenye shamba alipofika. Sikuizima simu.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni miti, papa. Ya kulisha udongo."

"Ya kulisha, ama ya kunyanganya? Miye nilikupatia udongo ya maharagi. Maharagi inatoka kisha miezi tatu. Muti inakaa. Mwenye kupanda muti ndiye mwenye udongo, hata mutoto ya kunyonya anajua ile!"

"Basi tutangoa, papa. Leo leo."

"Ungoe na miguu yako pia. Siku ya leo ni ya mwisho." Akanigeukia. "Na weye wa simu, piga vizuri! Onyesha bazungu yako udongo ni ya nani."

"Papa," mama alisema, amesimama sasa, maji yakimdondoka vidoleni, "acha nivune maharagi tu. Iko karibu. Kisha naenda."

"Muombe dada yako ya simu."

Mwenye shamba aling'oa miche yangu yote mwenyewe, mmoja mmoja, akiirusha njiani. Hakukanyaga hata mstari mmoja wa maharagi. Alipita kati yake kwa uangalifu, ameinua suruali, kama mtu anayepita katika mali yake. Hapo nilielewa kwamba miti ilikuwa kisingizio. Shamba alikuwa amelichukua siku ile aliyounusa udongo. Kisingizio ndicho kilichokuwa kimekosekana, na mimi nilimletea juu ya pikipiki.

Jua la siku ile halikuwa limetua kabla sijaapa kwamba atalia.

Nilifanya kazi kama nilivyofundishwa. Nilianza na swali dogo. Chini ya shamba lile, mpakani, kulikuwa na mstari wa mikaratusi minene, kalitusi kama inavyoitwa hapa, miti ya miaka mingi. Kama mwenye kupanda mti ndiye mwenye udongo, hii aliipanda nani? Nilimuuliza muuza mirunda ya kujengea wa barabarani, kisha mzee mmoja anayechunga mbuzi bondeni, kisha fundi aliyewahi kununua nguzo pale. Niliwauliza kila mmoja peke yake, bila kumwambia mwenzake alisema nini. Wote watatu walinipa jibu moja: si yeye, ni kaka yake mkubwa, marehemu, pamoja na mkewe. Kaka alipofariki, mdogo mtu alisema atalitunza shamba mpaka watoto wakue. Watoto wamekua. Analitunza bado.

Mjane huyo nilimkuta Saio, ana meza ya mboga kando ya barabara.

"Mama, kalitusi za kule chini, nani alipanda?"

"Uko mununuzi ya miti?"

"Hapana, mama."

"Basi kama haununui miti, nunua lenga-lenga."

Nilinunua mafungu matatu ya mchicha huo ndipo akazungumza. "Ile miche nilibeba miye, mutoto mu mgongo, miche mu kichwa. Bwana yangu alichimba. Sasa weye unatafuta nini mu mambo ya shemeji yangu?"

Nikamwonyesha video. Alisikiliza hadi ile sentensi kuhusu mti, akanifungia fungu la nne bure.

"Twende kwa chef," akasema.

Chef wa kartie hiyo, mkuu wa mtaa, husikiliza mashauri barazani kwake asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, wakubwa wakiwa kwenye viti vya plastiki na wengine ukutani. Tulikwenda mara tatu. Mara ya kwanza alituandika na kuagiza mwenye shamba aitwe. Mara ya pili mwenye shamba hakuja, alituma neno kwamba ana malaria, na shauri likasogezwa wiki moja. Mara ya tatu alikuja, kofia yake mkononi. Mama wa Fataki alikuja pia, akakaa nyuma kabisa, karibu na lango. Mimi nilikuwa nimefika mapema ili nikae mbele, mahali nitakapouona uso wake vizuri.

"Chef, hii ni mambo ya familia," alianza. "Huyu dada anaingia wapi?"

"Hata miye ninajiuliza," chef akasema. "Dada, unaingia wapi?"

"Kwa simu, chef."

Nikaiwasha ile video. Sauti yake ilitoka kubwa, yenye kiburi chote: *Mwenye kupanda muti ndiye mwenye udongo, hata mutoto ya kunyonya anajua ile!* Nikaikata hapo. Chef akaomba nirudie. Nikarudia. Nikaikata pale pale tena.

"Ni sauti ya nani?"

"Ni yangu, chef, lakini ile siku nilikuwa na kasirani."

"Kasirani ilibadilisha sauti, ama ilibadilisha maneno?" Watu wa ukutani walicheka. "Niambie, kalitusi ni muti, ama haiko muti?"

"Ni muti, chef."

"Alipanda nani?"

Mjane alisimama akaeleza habari ya mtoto mgongoni na miche kichwani, na mzee wa mbuzi, niliyekuwa nimemleta, akasema ndivyo. Mwenye shamba aliomba maji ya kunywa. Aliletewa, akashika kikombe, akakirudisha kikiwa kimejaa. Nilikitazama kikombe kile kama mwenye njaa anavyotazama sahani. Chef aliamua kwa kanuni ile ile ambayo mtu huyo aliitangaza mwenyewe mbele ya kamera: shamba lirudi kwa mke wa marehemu, na mdogo mtu asionekane humo mvua zinazofuata. Mwenye shamba alipotoka barazani, mmoja wa ukutani alimwuliza kama ataondoka na miguu yake pia. Sijui maneno hayo yalimfikiaje. Labda nilikuwa nimeyasimulia mahali.

Nilijaa furaha. Nikamgeukia mjane, nikamwambia sasa mama arudi shambani, kodi mtaelewana.

Mjane alinitazama kana kwamba nimemuomba mmoja wa watoto wake. "Udongo muzuri vile, nipatie mutu? Binti yangu ndiye atalima. Na miti yenu sitaki, hata moja."

Nilimfuata mama wa Fataki nyumbani kwake mchana. Alikuwa uani, akipukuchua maharagi ya mwanamke mwingine, kazi ya kulipwa kwa kibaba cha yale yale maharagi. Nilianza kumweleza jinsi uso wa yule mtu ulivyoanguka. Akaniacha niseme hadi nikamaliza.

"Maharagi yangu alishangoa," alisema. "Wiki ilipita. Na mizizi yake."

Wiki iliyopita. Malaria ya mwenye shamba ilikuwa shambani ikivuna.

"Sikujua, mama."

"Kwa ile simu, kisha maneno ya yule papa, nani alikuwa anasema?"

Nilijua. Ilikuwa sauti yake, *acha nivune maharagi tu, iko karibu*. Mbele kidogo tu ya pale nilipoikata.

"Uliikata," alisema. "Mara mbili. Hata mbele ya chef. Ungesema siku ya kwanza, ile maharagi ilikuwa inasimama, dada. Chef angesema nivune, na yule papa angesema ndiyo, na miye ningekuwa na mbegu. Kila mutu anavuna kitu alipanda, hata kama wanamufukuza. Hapo haiko mutu wa kubisha. Lakini weye ulikuwa unatafuta yeye."

Mimi niliyewauliza watu watatu swali moja, kila mmoja peke yake, sikuwa nimemuuliza yeye hata mara moja anataka nini. Ningependa kuandika kwamba chuki yangu iliniishia pale uani. Haikuisha. Ilipata sababu mpya, maharagi, na mpaka leo nikikumbuka kikombe kile kilichorudishwa kikiwa kimejaa nasikia utamu mdomoni. Lakini sikuweza kumtazama mama.

Alinisogezea rundo la maganda kwa mguu. Tukapukuchua mpaka kivuli cha ukuta kikatufikia.

"Chef anakuogopa sasa," akasema mwishowe. "Lundi asubui utaenda na miye. Kule chini kwa matope kuko kipande ya kartie, haina mwenyewe, udongo yake mubaya sana. Utasema kidogo. Na simu itabaki kwangu."

Jioni hiyo niliwaandikia wachangiaji kila kitu kwa mpangilio, pamoja na sentensi niliyoikata. Wachache walijibu. Mmoja aliomba picha ya yule mtu, na nilikuwa nayo, nzuri, uso ukiwa umeanguka. Nilikaa na kidole juu yake kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Sikuituma.

Jumatatu mama alichukua simu yangu mlangoni, akaifungia katika ncha ya kitenge chake kiunoni. Barazani, chef alituona akaweka kalamu chini.

"Leo tena unamuleta nani, dada?"

"Hakuna mutu, chef. Mama huyu anaomba kipande cha kule kwenye matope, alime misimu mitatu. Na iandikwe kwamba hata akiondolewa, atavuna alichopanda."

Niliishia hapo, kama nilivyoagizwa.

"Saison katre," mama akasahihisha kutoka nyuma yangu. "Ile udongo imekufa. Saison ya kwanza haitatoa kitu."

Chef aliokota kalamu, akaandika misimu minne.