Bati la Jirani

Watu husema "shetani kanipitia", kana kwamba shetani ni lori na wao walikuwa wamesimama tu kando ya barabara. Mimi nilisoma mpaka darasa la pili, lakini hilo silikubali. Wangu hakunipitia. Nilikuwa namlisha.

Ilikuwa Kampala, wakati wa serikali ya wanajeshi. Nilitengeneza masanduku ya bati pale Kawempe, ya wanafunzi na ya askari wanaohamishwa. Kazi hiyo nilijifunza kwa kubomoa sanduku bovu na kuliunga tena. Hakuna aliyenishika mkono. Kibanda cha pili akaja fundi mwingine, mdogo kwangu, mcheshi. Tulitaniana kutwa.

"Jirani, sanduku lako hilo panya anaingia bila hodi."

"La kwako haingii. Anaogopa litamwangukia."

Wateja walicheka, kisha wakanunua kwake. Bati lilikuwa limepotea mjini. Mimi nilinyoosha madebe ya mafuta, yeye alikuwa na bati jipya. Nilijua analitoa wapi: kwa madereva wa malori, kwa magendo. Na kwa magendo siku zile mtu alichukuliwa, mkewe akabaki anazunguka na nguo zake kwenye mfuko, akiuliza mlango kwa mlango. Hilo pia nilijua.

Asubuhi moja askari akaja kuchukua sanduku lake. Akatazama upande wa pili.

"Fundi, huyu mwenzako iko natoa wapi bati mupya?"

Nilikuwa na misumari midogo mdomoni, ndivyo tunavyofanya kazi, mikono ikiwa imeshika bati na nyundo. Nikaitema kiganjani mmoja mmoja. Huku natema, moyoni nilikuwa nimekwisha kumuuza. Nilikiona kibanda chake kimefungwa, nikawaona wateja wake mlangoni kwangu. Msumari wa mwisho ulipotoka nikasema, "Sijui, afande. Kila mtu na mambo yake."

Akabeba sanduku, akaenda. Sikujiona nimeshinda. Nilichoka tu, kama mtu aliyeinua jiwe akalirudisha pale pale.

Mimi nasali na walokole. Desturi yetu ni kutembea nuruni: ukimwazia mwenzako mabaya, unaungama mbele ya wote, kisha unamwendea mwenyewe. Jumapili nikaungama, bila kumtaja mtu. Mama mmoja mzee akasema, "Mwanangu, kujaribiwa si dhambi. Bwana mwenyewe alijaribiwa. Yaishie hapa." Ndugu wengine wakasema hapana, mwendee, uwe huru. Nikawafuata wengi.

Jumatatu nikaenda kibandani kwake. "Jirani, juzi afande aliniuliza habari ya bati lako. Nilitamani kumwambia. Nisamehe."

Hakutania. "Aliuliza kweli?"

"Aliuliza."

"Na wewe hukusema."

"Sikusema."

"Juzi hukusema," akanijibu. Akanipa mkono, akanishukuru vizuri kabisa, akaanza kukusanya vyombo vyake vya kazi.

Kesho yake kibanda kilikuwa kitupu, na chumba alichopanga na mkewe vilevile. Bati zito alikuwa ameliacha. Hakuna aliyejua walikoelekea, na mimi sikuuliza sana; kuuliza nako kulikuwa na hatari yake.

Wateja wakahamia kwangu wiki ile ile. Walokole wakamsifu Mungu kwamba ndugu yao amefunguliwa. Lile bati nililifunika kwa magunia miezi kadhaa, kisha nikalitumia. Lilikuwa bati zuri.

Mchungaji aliwahi kunieleza kwamba kishawishi ni mlango tu, dhambi ni kuingia. Labda. Yeye amesoma. Mimi nimejenga nyumba, nimesomesha watoto, na nimeungama mengi mbele ya watu bila aibu. Kuna moja sijaliungama popote. Nilipokuwa natembea zile hatua chache kwenda kumwomba msamaha, nilijua ataogopa. Na nilijua mtu mwenye akili, akiogopa katika Kampala ile, hufanya nini.