Hamu ya Kura

Naomba msinicheke kabla sijamaliza. Mimi ni Muganda, karani wa zahanati moja hapa Nakasero, na ulimi wangu hautofautishi L na R. Siku hizi za serikali ya jeshi, hilo si jambo dogo.

Daktari alileta vidonge vya kuwapunguzia wanene hamu ya chakula, akaniagiza nibandike tangazo mlangoni. Nikaandika kwa wino mwekundu: "WENYE HAMU KUBWA YA KURA WAJIANDIKISHE HAPA. DAWA YAO TUNAYO."

Asubuhi nzima watu walisoma, wakaondoka mbio. Nikawaona washamba.

Saa sita akaingia sajenti mwenye kitambi kama ngoma. Nikamchangamkia: "Afande, hamu yako ya kura ilianza lini?"

Jasho likamtoka. Akafunga mlango, akanong'ona: "Ni kidogo tu. Nani amekuambia?"

"Mbona inaonekana hata kwa mbali, afande!"

Ndipo daktari akatokea, tangazo alilolibandua mlangoni likiwa mkononi. "Nilisema kula, kula chakula! Wewe umeandika kura, ya uchaguzi!"

Sajenti akashusha pumzi, akavuta kiti.

"Basi andika mimi kwa hiyo ya chakula," akasema. "Ile ingine, mimi sikusema kitu."