Kilindo cha Kwaresima

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za usichana wangu, mwanangu, ni Jumatano moja ya Kwaresima. Mvua ilikuwa inanyesha, na baba yangu alikuwa amesimama mbele ya watu ndani ya kanisa letu la udongo akizungumzia haki. Alizungumza vizuri. Tangu hapo nimewasikia wengi wakiizungumzia, wengine kwa vipaza sauti, na hakuna aliyemfikia.

Mmeniita niseme nanyi vijana wa parokia kwa sababu Kwaresima hii mmeamua kujifunza habari za imani na haki. Nimeona hata sanduku la michango mmeliweka pale mlangoni, mmelipaka rangi, limependeza. Sitawaambia mliondoe. Nitawasimulia habari ya kilindo, nikisema na kila mmoja wenu kama mwanangu, halafu mtaamua wenyewe.

Kigango chetu kilikuwa kando ya njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka pwani ikapita Tabora kuelekea Ujiji. Ulikuwa wakati wa Mwingereza, kabla ya Vita Kuu ya Pili. Misafara ilikwisha kufa, reli imeiua, lakini wazee waliobeba pembe na vitambaa walikuwa bado hai, na majivuno yao yalikuwa hai zaidi. Mnyamwezi wa zamani alijisifu kwa jambo moja: mzigo aliokabidhiwa alifika nao na kamba yake haijaguswa. Angekufa njiani kabla ya kuufungua. Babu yangu alikuwa mpagazi wa namna hiyo, na baba alilelewa kwa hadithi hizo kabla hajafundishwa sala hata moja.

Baba, jina lake Anselmi, alikuwa katekista. Padre alikuwa anatoka mjini kwa baiskeli, na masika mbuga zikijaa maji hapiti mtu, kwa hiyo Kwaresima nzima kigango kilikuwa mikononi mwa baba. Nawe unajua Kwaresima kwetu inaangukia miezi gani. Ghala la mwaka jana limebaki vumbi, na mahindi mapya bado yanachezewa na upepo shambani. Watu tuliambiwa tufunge wakati wengi tulikuwa tumeshafunga bila kuambiwa.

Mwaka ule tulikuwa na wageni. Serikali ilikuwa imewahamisha watu wa misituni kwa sababu ya malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o. Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya Mzungu, alikuja na askari wake, nyumba za watu zikachomwa ili wasirudi, wakaletwa kwetu kukaa kwa mistari kama askari wa gwaride. Walifika mvua imeshaanza, wakapanda wamechelewa, kwenye ardhi ambayo sisi wenyewe tulikuwa tumeikataa. Mmoja wao alikuwa Nyamizi, mjane mwenye mtoto mmoja wa kubebwa mgongoni, Kabula. Alikuwa bado hajabatizwa, lakini hakukosa mafundisho hata siku moja. Alikuwa anakaa karibu na mlango, na mvua ikiingia yeye ndiye aliyelowa.

Basi Jumatano ile baba alisema kwamba kuwahamisha watu kwa nguvu ni dhuluma, na kwamba Mungu anawasikia waliodhulumiwa. Kusema hivyo wakati ule kulitaka moyo. Watu waliguna kwa kukubali. Halafu akaleta wazo lake. Kila nyumba, ikiruka mlo kwa ajili ya mfungo, ichukue unga ambao ingeupika, iulete kanisani. Unga wote utakusanywa kwenye kilindo kimoja, na Pasaka, padre akija, ataubariki na maskini watagawiwa.

Kilindo ni pipa la gome la mti, tulikuwa tunawekea nafaka na asali. Cha baba kilikuwa kikubwa na kizuri. Baba alikuwa mrina asali pia, nta haikumpungukia, akaziba mfuniko kwa nta pande zote. Kila Jumatano aliikwangua mbele ya watu, tukamimina unga wetu, akaziba tena. Nilijivuna nusura nipasuke. Nilimwona baba yangu kuwa mtu mkubwa kuliko Bwana Shauri.

Sasa nisikilize vizuri hapa, mwanangu. Zamani, kabla ya kilindo, mtu akiishiwa alipiga hodi kwa jirani. Jirani alinung'unika, akasonya kidogo, akatoa kibakuli. Hakuna aliyeiita sadaka. Mwaka ule mtu akipiga hodi alijibiwa, "Subiri Pasaka, kilindo kipo." Na aliyejibu hivyo hakuona aibu, kwa sababu unga wake alikuwa ameshautoa.

Nyamizi alizungushwa hivyo nyumba kwa nyumba. Mwisho akaja kwetu, alasiri moja, Kabula yuko mgongoni, maji yanamchuruzika.

"Shikamoo, baba katekista."

"Marahaba, mama. Karibu ukae."

Hakukaa. "Nimesikia unga wa mfungo ni wa maskini," alisema. "Ndiyo nimekuja, baba. Mahindi yangu hayajatoa hata mbelewele."

Baba hakuwa mkali. Laiti angekuwa mkali, ningemwita mkatili nikamaliza. Alimjibu kwa upole, akamwambia unga ni wake kweli, tena atakuwa wa kwanza kupewa, ila umeshawekwa mbele ya Mungu, na haufunguliwi mpaka padre afike.

"Pasaka ni mbali, baba."

"Vumilia, mama. Bwana wetu naye alivumilia."

Bibi, yaani mama yake baba, alikuwa jikoni anasikia yote. Alikuwa ametembea na misafara ujanani, nyuma ya mumewe, chungu cha kupikia kichwani, mpaka pwani na kurudi. Alitoka na sahani yake ya ugali, ile aliyokuwa ale yeye mwenyewe, akampa Nyamizi. Halafu akamgeukia baba.

"Anselmi, fungua kilindo."

"Mama, kilichotolewa kwa Mungu si chetu tena."

"Mungu anakula ugali lini?"

"Nikifungua leo kwa mmoja, kesho watakuja wote. Pasaka nitampelekea padre nini? Baba alifikisha mizigo ya Waarabu haijaguswa. Mimi nishindwe kufikisha wa Mungu?"

Bibi akarudi jikoni. Tangu siku hiyo Nyamizi alikuwa anamwacha Kabula kwetu mchana, na Bibi alimpa mtoto uji kutoka kwenye chakula chake mwenyewe. Hakikumtosha yeye peke yake, sembuse wawili. Bibi alikonda mpaka bangili zikamtoka mkononi.

Wiki moja kabla ya Jumapili ya Matawi, Nyamizi alichimba muhogo mchungu uliosalia kwenye ile ardhi tuliyoikataa. Unajua ule unataka kulowekwa siku kadhaa mpaka sumu itoke, na yeye alijua, wote tulijua. Lakini njaa ilikuwa imemshika, hakuweza kungoja. Aliupika mapema, akala, akafa kabla ya jioni. Kabula alikuwa amelala kwetu jikoni. Akiamka alikuwa anatafuta mgongo wa mama yake, na mimi ndiye niliyempa wangu.

Baba aliongoza maziko. Alisema marehemu alikuwa mfano wa uvumilivu. Niliyasikia maneno hayo, mwanangu, na kitu fulani kati yangu na baba kikakatika palepale kaburini. Nilimpenda mpaka alipokufa, lakini hakikuunganika tena.

Jumatano zile za mwisho, nta ikikwanguliwa, harufu ya uchachu ilikuwa inatoka ndani ya kilindo. Wakulima wote wale, wanawake waliosaga unga tangu utoto, nani asiyejua unga haukai masika? Lakini juu kulikuwa na unga mpya, mweupe, nasi tukamimina mwingine na kujifanya hatuna pua.

Pasaka padre alifika kwa miguu, anasukuma baiskeli, tope mpaka magotini. Baada ya misa kilindo kililetwa. Baba hakukubali kibebwe na wengine. Alikibeba kichwani peke yake, wazee nyuma yake wakiimba nyimbo za wapagazi za kuingia mjini, wanawake wakipiga vigelegele. Padre akabariki, baba akaikata nta, akainua mfuniko. Padre alipoingiza mkono akatoa bonge. Lilikuwa limeshikana, la kijani, linatoa joto. Akaingiza mkono tena chini zaidi, ikawa hivyo hivyo. Wimbo ukafa.

Wanaume wawili walishika kilindo haraka wakakimwage nyuma ya kanisa, padre asizidi kuona. Bibi akasimama. "Mwageni hapa mlangoni," alisema, "hapa alipokuwa anakaa." Wakamtazama padre, na padre akasogea kuwapisha. Wakaumwaga.

Kabula alikuwa ameketi mapajani mwangu. Kabla sijamzuia aliteremka, akaenda mpaka kwenye ule unga, akaokota bonge, akalitia mdomoni. Alijua ni chakula. Bibi alipiga magoti topeni, akaingiza kidole mdomoni mwa mtoto, akautoa unga ule kidogo kidogo, akamfuta ulimi kwa kanga, watu wote wanaangalia. Ndipo akasema na baba, wala hakupaza sauti.

"Anselmi, baba yako alibeba mizigo ya namna mbili. Kulikuwa na mzigo wa tajiri, huo hatukuugusa. Na kulikuwa na posho ya njiani. Posho ilikuwa ya wote wanaokula chungu kimoja, na mwenzetu akiishiwa tulimpakulia jioni ileile. Hatukungoja tufike pwani. Nani alikudanganya kwamba unga ni mzigo wa tajiri?"

Baba akakifunika kilindo kitupu. Watu wakatoka mmoja mmoja, wakiruka ule unga ili wasiukanyage. Baadaye kuku wakaumaliza.

Miaka mingi baadaye baba alipozikwa, msemaji mmoja alimsifu kwamba ndiye aliyeanzisha mfungo wa haki katika nchi yetu. Bibi alikuwa ameshatangulia, hakuwepo wa kumjibu. Mimi nilikuwepo, na nilinyamaza kwa heshima ya msiba. Kabula alikuwa ameketi kando yangu, mama mzima mwenye watoto. Alinigeukia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, mama yangu alikufa kwa njaa?"

Nikamwambia hapana. Chakula kilikuwepo.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hiyo, na najua haiendi na rangi ya sanduku lenu. Unaweza kumlaani mkubwa kwa dhuluma yake, tena kwa haki kabisa, huku mtu aliyedhulumiwa amekaa mlangoni kwako analowa. Ukifunga, mfungo wako usimalizikie kwenye njaa ya mwenzio. Usimpangie mwenye shida siku ya kushiba. Na mtu akipiga hodi, usimtume kwenye sanduku, wala kwa padre, wala kwa kamati. Amekuja kwako. Mpe ulicho nacho, hata ukinung'unika, hata ukisonya, maana kusonya hakujaua mtu. Lile sanduku nalo lisifungwe kwa kufuli. Atakayeiba humo huenda ana njaa.

Nenda na baraka zangu. Mungu akujalie ghala lisiloisha na mlango usiofungwa. Akupe watoto, na wao wakupe wajukuu. Lakini siku jirani yako atakapolala bila kula nawe unajua, siku hiyo, nakuombea kwa moyo wangu wote, Mungu akunyime usingizi.