Sikio la Fundi Githinji

Githinji alichoka kwanza magoti, kisha mgongo, na masikio yakafuata kimyakimya bila hata kumuaga.

Mwaka wa themanini na saba alikuwa na miaka hamsini na minane, na kila asubuhi alitoka nyumbani Yamumbi kwa miguu akiwa tayari amechoka, kana kwamba kazi ya siku ile alishaifanya usingizini. Gereji yake ilikuwa uwanja mtupu nyuma ya poshomili, kando ya barabara ya kwenda Turbo. Paa lilikuwa mti mmoja wa mkaratusi, na mkaratusi, anayeujua anajua, hauna kivuli cha maana. Unadondosha tu majani ndani ya injini za watu.

Alitoka Murang'a akiwa kijana, akaandikwa kazi katika shamba la ngano la mzungu mmoja karibu na Eldoret. Akapewa trekta ya kuosha, baadaye ya kuendesha, baadaye ya kutengeneza. Bomba la moshi la trekta ile lilikuwa limekatika shingoni, na mzungu akasema kununua lingine ni kuharibu pesa. Miaka kumi na sita Githinji alikaa hatua mbili kutoka kwenye ule mngurumo. Kisha Uhuru ukaja, mzungu akauza shamba, akaenda kwao na masikio yake yote mawili.

Ya Githinji yalibaki Eldoret, yakawa yanafifia. Si kwamba hilo lilikuwa hasara tupu. Miaka ile, mtu asiyesikia vizuri alilala salama: hakuna aliyeweza kuja kumuuliza alisikia nani akisema nini. Lakini fundi wa dizeli bila sikio ni kama mpishi bila ulimi.

"Dizeli haifi ghafla," alikuwa akiwaambia wateja. "Inauawa polepole, na watu wanaoipenda."

Ndiyo maana alikuwa na sheria, na sheria zenyewe zilichosha kuliko kazi. Jumatatu ufungue koki chini ya filta, maji yatoke, maana dizeli ya mapipa huja na maji yake. Oili ubadilishe kila kilomita elfu tano, hata kama bei imepanda, hata kama bado "inaonekana nzuri". Ukimaliza mlima usizime hapo hapo, iache ipumue. Na msimu wa kupura mahindi, filta ya hewa ipulizwe kila wiki, la sivyo injini itakula makapi mengi kuliko kuku. Watu walisema ndiyo mzee, ndiyo mzee, wakaenda kufanya walivyotaka.

Mteja mmoja tu ndiye aliyetii: Mama Asha, mjane aliyekuwa na duka la jumla mjini na pikapu ya Peugeot ya dizeli, iliyonunuliwa ikiwa mpya mwaka wa themanini. Ilikuwa imetembea kilomita laki nne na injini haijawahi kufunguliwa. Laki nne! Makanika wa mjini walikuja kuitazama kama bibi harusi. Githinji hakuwa na kibao mlangoni, kwa sababu hata mlango hakuwa nao. Kibao chake kilikuwa kikipita barabarani kikibeba sukari na sabuni.

Kusikiliza injini alitumia bisibisi ndefu. Ncha anaiweka kwenye chuma, mpini anaubana sikioni, na ugonjwa wa ndani unapanda kama habari kwenye waya wa simu. Miaka miwili iliyopita waya ulikatika. Ndipo akagundua kwamba ukiuma mpini kwa meno, sauti inapita kwenye taya na kufika hivyo hivyo. Alifanya hivyo watu wakiwa wametazama pembeni. Kwa bahati mbaya meno nayo yalianza kung'oka. Yalikuwa yamebaki matano ya mbele, na kati ya hayo mawili yalikuwa ya kuonyesha tu.

Asubuhi moja ya Julai, baridi ikiuma vidole, pikapu ilikuja ikitoa moshi mweupe. Mama Asha alishuka akajifunga shuka vizuri. Dereva wake, Kiprono, kijana mwenye maneno mengi kuliko honi ya gari, akaacha injini ikinguruma.

"Inagonga, Fundi," alisema Mama Asha kwa sauti ya juu. Alikuwa na tabia ya kumpigia Githinji kelele, na Githinji alidhani ndivyo alivyoumbwa.

"Tangu lini?"

"Kama wiki mbili. Na asubuhi kuwaka ni shida."

Githinji alishika bomba la maji linaloingia kwenye rejeta. Gari ilikuwa imetoka Turbo, mwendo wa karibu saa nzima, na bomba lilikuwa baridi kama pua ya mbwa. Akazima injini, akangoja kidogo, akachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa kidole kizima.

"Nani ameongeza oili?"

"Hakuna mtu, mzee!" Kiprono alicheka. "Hiyo gari imebarikiwa. Zingine zinakula oili, hii inazaa! Ndiyo maana sikuleta ibadilishwe mwezi huu. Ya nini, na inaongezeka yenyewe?"

Githinji alisugua oili kati ya vidole viwili. Ilikuwa nyepesi kama chai ya mahabusu. Akainusa: dizeli.

"Kiprono. Thamosta iko wapi?"

Mama Asha akageuka kumtazama dereva wake. Kiprono alichomoa ufunguo wa gari, akauinua taratibu. Pale pa kuning'inizia kulikuwa na kidude cha shaba, mviringo, kinang'aa.

"Ilichemka siku moja kwa mlima," alisema. "Fundi mmoja wa Turbo akaniambia thamosta ni ya nchi za wazungu, huku tunatoa. Na tangu itoke, mzee, haijachemka tena!"

"Haijachemka, na pia haijapata joto," alisema Githinji. "Hicho kidude ni mlango. Kinazuia maji baridi mpaka injini ipate joto. Umekitoa, injini inatetemeka kutwa. Dizeli haiungui yote, inateremka pembeni ya pistoni, inaingia kwenye oili. Hiyo ndiyo baraka yako."

"Yaani mwezi mzima injini yangu inaoga dizeli," alisema Mama Asha, "na huyu amevaa dawa yake kama kipuli?"

"Mama, mimi nilidhani..."

"Wewe usidhani. Wewe endesha."

Githinji aliirudisha thamosta mahali pake. Akamwaga ile oili, akatia mpya na filta mpya, akaiwasha tena, akangoja sindano ya joto ipande mpaka katikati. Moshi mweupe ukakoma. Kiprono akapiga makofi. Kisha akainamisha kichwa.

"Lakini ile kugonga bado iko. Kidogo. Ama?"

Githinji hakusikia kitu.

"Fundi," alisema Mama Asha, "kesho inaenda Kitale na mzigo. Iende, ama isiende?"

Hapo ndipo uchovu wote wa miaka ulipomkalia begani. Kama ni nozo inayogonga, kile kidude cha kupulizia dizeli, gari ingeweza kwenda hata Lodwar. Lakini kama oili ile nyepesi imekula beringi za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, krenki ingekatika kabla ya Kitale, na krenki mpya ilikuwa kungoja meli, leseni na mjomba serikalini. Mama Asha hakuwa na gari lingine. Hakuwa na mume mwingine pia.

Aliweka bisibisi, akabana mpini sikioni. Palikuwa na ukimya kama wa kanisa siku ya Jumanne. Akazunguka upande wa pili, akajifanya anakagua mkanda, akauma mpini. Alichopata ni mtetemo na maumivu ya jino.

Neno lilikuwa mdomoni: *iende*. Neno jepesi, silabi tatu, na angeenda nyumbani kulala. Laki nne zingebaki bila kufunguliwa, angalau hadi kesho saa nne.

Ng'ambo ya barabara, chini ya mabati mapya, Johnstone alikuwa akijifuta mikono. Alikuwa mwanafunzi wa Githinji kwa miaka saba, kisha wakagombana, akahama mita thelathini na kuchukua nusu ya wateja. Alipenda kuwaambia watu, "Mzee ni mzuri, lakini umri, unajua."

Githinji akavuka barabara. Wanawake waliokuwa wakingoja unga poshomili wakaacha kuzungumza.

"Johnstone. Njoo unisikilizie gari."

Johnstone alitazama kulia na kushoto, akitafuta mtego. "Mimi, mwalimu? Kwani wewe?"

"Mimi sisikii. Mwaka wa pili huu. Twende."

Johnstone alikuwa na mzaha tayari ulimini, ulionekana kabisa, lakini aliumeza. Akaja. Akasikiliza juu, kwenye nozo, moja baada ya nyingine. Akapiga magoti, akasikiliza chini, kwenye sampu, lile bakuli la oili. Akarudi mara ya pili sehemu moja, macho ameyafumba.

"Namba tatu," alisema. "Chini."

"Si nozo?"

"Si nozo, mwalimu. Ni beringi."

Githinji akamgeukia Mama Asha. "Haiendi Kitale. Tunafungua."

"Laki nne bila kufunguliwa," alisema yule mama, "na leo?"

"Leo. Na siku zote ulikuwa unanipigia kelele kwa sababu ulijua sisikii?"

"Fundi, hata mbuzi wa poshomili wanajua," akasema, akaenda kukaa kivulini, yaani juani.

Walilala chini wote wawili, mzee na mwanafunzi, wakashusha sampu. Beringi namba tatu ilikuwa imechubuka hadi shaba ikaonekana. Githinji akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya krenki, taratibu, mzunguko mzima. Mikono haikuwa imemsaliti bado. Ukucha haukunasa popote. Akarudia tena kwa sababu hakuamini.

"Nyororo," alisema. "Wiki moja zaidi, ingekuwa vyuma vya kuuza kwa kilo."

Johnstone alikuwa ameinua bisibisi kwenye mwanga, akiukagua mpini wake wa mbao, uliojaa alama ndogo ndogo za kutafunwa.

"Na hii nayo, mwalimu? Imeliwa na nini?"

"Panya," alisema Githinji.

Johnstone alitazama alama, akatazama mdomo wa mzee wake, meno matano.

"Panya wa hapa wamezeeka," alisema, akamrudishia bisibisi. "Lete spana ya kumi na saba."

Githinji akaileta. Magoti yalilia, na hilo alilisikia vizuri kabisa.